Sindano Iliyosingiziwa

Gwata ziko mbili katika Mkoa wa Pwani, moja Kibaha na nyingine Kisarawe, na zote ni nchi ya homa. Masika ikishika, maji yakatuama kwenye majaruba ya mpunga na kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, mbu huongezeka na watoto huanza kuchemka. Mama wa Kizaramo au wa Kikwere haogopi kila homa. Ile ya kawaida anaijua: panadoli ya dukani, kitambaa chenye maji, na asubuhi zahanati. Lakini upo usiku ambao mtoto anageuza macho hadi weupe tu unaonekana, meno yanasagana, mikono na miguu inakakamaa kisha inatupika. Hapo hakuna anayeita tena homa. Wazee wanatoka vyumbani mwao, na neno linalosemwa, tena kwa sauti ya chini, ni degedege.

Neno lenyewe limebeba ndege ndani yake. Wengi wa Pwani walikuzwa wakiambiwa kwamba ni pepo mwenye umbo la ndege au nondo, apitaye usiku juu ya nyumba, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hushtuka hivyo. Dawa yake ilikuwa kwa fundi: mafusho ya mavi ya tembo, majani ya kuogea, na mahali pengine mkojo aliomwagiwa mtoto ili ndege amwachie. Na juu ya dawa zote ulikuwepo mwiko mmoja uliosemwa kwa uzito. Mtoto wa degedege asichomwe sindano. Akichomwa, atakufa.

Mwiko huo umedharauliwa sana na wasomi, nami naona ulistahili kuchunguzwa kwa heshima zaidi. Haukutoka hewani. Tuufuate jinsi ulivyozaliwa. Mtoto anashikwa usiku. Gari hakuna, hospitali ni mbali, fundi yuko nyumba ya tatu. Anapelekwa kwa fundi. Saa zinapita, pengine siku nzima. Anapozidi kulegea ndipo anapakiwa kwenye baiskeli au lori la mkaa hadi hospitalini, pumzi zikiwa za kuhesabika. Nesi anafanya anachotakiwa kufanya: anamchoma sindano ya kwinini. Kabla jua halijazama mtoto amekufa. Jirani aliona sindano, kisha akaona sanda. Akaona hivyo kwa mtoto wa pili, na wa tatu. Angehitimisha nini?

Macho ya jirani yule hayakuwa na kasoro. Alichokosa ni mtoto mwingine wa kumweka kando ya huyu: mwenye ugonjwa uleule, aliyechelewa vilevile, ambaye hakuchomwa. Bila mtoto huyo wa kulinganisha, hakuna awezaye kujua kama kilichoua ni sindano au ni usiku ule mzima uliopotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, walikuwa Bagamoyo, wilaya ya jirani kabisa na Kibaha, wakijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa. Akina Zul Premji, Minjas, Makemba na Peter Winch walifanya jambo ambalo wataalamu wengi huliruka: waliuliza watu wanaziitaje homa zao. Majibu yaliwafundisha kitu. Kwa daktari, malaria ni moja, na mtoto anayetupika ni malaria iliyopanda kichwani. Kwa mama wa Bagamoyo, homa ya malaria ilikuwa ugonjwa mwepesi unaotibika kwa vidonge, na degedege ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa wenye chanzo kingine na mtabibu mwingine. Kwa hiyo bango lililosema chandarua kinakinga malaria lilimwahidi mama kinga dhidi ya ugonjwa asiouogopa sana. Ule uliomkosesha usingizi haukutajwa popote. Ripoti zao zilichapishwa mwaka 1996.

Wanafunzi wa uuguzi na utabibu siku hizi hufundishwa somo la tiba inayofuata ushahidi. Jina hilo ni changa. Gordon Guyatt wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada ndiye aliyelitia kwenye maandishi mwaka 1991. Mwaka uleule zilipotoka ripoti za Bagamoyo, David Sackett na wenzake walieleza kwamba maana yake ni kuuchukua ushahidi bora wa utafiti, kuuunganisha na ujuzi wa tabibu aliye mbele ya mgonjwa, na kutoyaacha nje yale ambayo mgonjwa mwenyewe anayataka na kuyathamini. Wanafunzi hukariri pande hizo tatu kwa ajili ya mtihani. Bagamoyo ilionyesha upande wa tatu una uzito gani: dawa inaweza kuwa na ushahidi wote wa dunia, na isimfikie mtoto kwa sababu tu ugonjwa wake una jina jingine nyumbani.

Sasa twende upande wa pili wa meza, kwa tabibu.

Kwa miongo kadhaa zahanati za Tanzania zilitibu homa kwa namna moja. Mtoto akifika anachemka, ni malaria, apewe klorokwini. Utaratibu huo ulikuwa na sababu zake, na ni haki kuzitaja. Hadubini zilikuwa chache na wataalamu wa kuzisoma wachache zaidi. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya saa 24. Klorokwini ilikuwa rahisi kwa bei, na madhara yake makubwa yaliyojulikana na kila mtu yalikuwa muwasho ule wa mwili mzima. Hata miongozo ya kimataifa ilielekeza hivyo kwa watoto wadogo katika sehemu zenye malaria nyingi. Vidonge vilitolewa, na baada ya siku tatu watoto wengi walikuwa wakicheza uani. Tabibu akajiridhisha: ilikuwa malaria, na dawa imefanya kazi.

Lakini homa nyingi za watoto hutokana na virusi, na huondoka zenyewe ndani ya siku chache, upewe kidonge au usipewe. Tabibu naye hakuwa na mtoto wa kumweka kando. Jirani yule aliilaumu dawa kwa kifo ambacho haikukisababisha. Tabibu aliishukuru dawa kwa uponyaji ambao haikuufanya. Ni kosa lilelile, na koti jeupe halikumkinga nalo. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Robert Koch alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria kwa hadubini katika damu za wagonjwa. Karne nzima baadaye, mwendo wa saa chache kutoka hapo, homa ilikuwa bado inapimwa kwa kiganja.

Kusini mwa Kisarawe iko Rufiji, na huko ndiko somo la kuhesabu lilikofika kwa nguvu. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza vifo vingi kwa fedha kidogo, endapo fedha hizo zingefuata magonjwa yanayoua. Wizara ya Afya na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada, IDRC, waliamua kulijaribu dai hilo kwa vitendo katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi ukaitwa TEHIP, na kazi ikaanza wilayani katika nusu ya pili ya miaka ya 1990.

Kwanza ilibidi kujua watu wanakufa kwa nini. Takwimu za hospitali zisingetosha, kwa kuwa watu wengi walifia nyumbani. Wadodosaji wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi michache: nani kazaliwa, nani kahama, nani katutoka. Penye msiba walirudi baadaye, matanga yakiwa yameanuliwa, wakaketi mkekani na wafiwa. Mtoto aliumwa siku ngapi? Mwili ulikuwa wa moto? Alitupika? Alipumua kwa shida? Mlimpeleka wapi kwanza, na baada ya hapo wapi? Mama alijibu huku akishika ncha ya kanga yake, na mdodosaji akaandika. Karatasi hizo zilisomwa na madaktari, nao wakaamua chanzo cha kifo kilichoelekea zaidi. Nimeona watu wakizungumza kuhusu takwimu kama kitu kikavu. Takwimu za Rufiji zimetoka katika vinywa vya wazazi waliofiwa, mmoja mmoja.

Zilipowekwa kando ya bajeti, aibu ilionekana. Morogoro, malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, na mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 ya fedha za afya. Kifua kikuu, kilichochukua chini ya asilimia 4, kilipewa asilimia 22. Hakuna mtu mbaya aliyekaa akapanga hivyo. Bajeti ya mwaka jana ilinakiliwa kuwa ya mwaka huu, na wafadhili walileta fedha za magonjwa waliyoyapenda wao. Timu za afya za wilaya zilipewa michoro iliyo rahisi kusoma, mafunzo ya kuwatibu watoto kwa utaratibu unaotazama magonjwa yote kwa pamoja badala ya homa peke yake, na nyongeza ya fedha iliyokuwa karibu senti 80 za dola kwa kila mkazi kwa mwaka. Kwa hesabu za mradi wenyewe, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka takriban mitano.

Hapa inabidi tuwe wakali kwa TEHIP kama tulivyokuwa kwa jirani yule wa sindano. Vifo vilikuwa vikipungua katika wilaya nyingine pia miaka hiyo, na Rufiji na Morogoro hazikuchaguliwa kwa kura. Tathmini iliyolinganisha wilaya hizi mbili na Kilombero na Ulanga, ikichunguza ule utaratibu wa kutibu watoto peke yake, ilikuta vifo viko chini kwa asilimia 13 tu kuliko upande wa pili. Ni tofauti ndogo kuliko ile inayotajwa kwenye mikutano. Hata hivyo gharama haikuzidi, na mimi ningeichukua asilimia 13 iliyopimwa kuliko 40 ya kusimuliwa.

Karatasi zile za Rufiji zilitoa jambo jingine ambalo wataalamu hawakulitarajia. Ilidhaniwa kwamba watoto wanakufa kwa malaria kwa sababu mama zao wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuata waliokufa na kuuliza walipelekwa wapi kwanza. Walio wengi walikuwa wamepelekwa kwenye tiba ya kisasa, wakiwemo wale waliotupika. Mama alikuwa ameshabadilika, tena kimyakimya, wakati mabango yakiendelea kumhubiria. Walifika, na bado wakafa. Swali likarudi zahanati: walipofika walikuta nini?

Walikuta, kwanza, dawa iliyochoka. Klorokwini ilikuwa imeshindwa. Vimelea viliizoea, na vipimo vilivyofanywa sehemu mbalimbali za nchi vilionyesha hivyo bila shaka. Agosti 2001 Tanzania ikaiacha, ikashika dawa nyingine, SP. Watu wengi waliichukia SP. Klorokwini ilikuwa ikishusha joto la mwili upesi. SP haikuwa na tabia hiyo, hivyo mama alimpa mtoto kidonge na usiku kucha mtoto akaendelea kuchemka. Magazeti nayo yaliandika habari za ngozi kubabuka. SP yenyewe ilidumu miaka michache tu, na kufikia mwaka 2007 nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na dawa mseto, ALu. Mseto ulikuwa mzuri, lakini ghali. Kumpa kila mwenye homa sasa kulikuwa na gharama ambayo mtu fulani angeilipa, na swali lililoahirishwa tangu enzi za Koch likarudi mezani: huyu kweli ana malaria?

Jibu la kutisha lilikuwa limeshatoka mwaka 2004. Hugh Reyburn na wenzake walichunguza damu za wagonjwa waliolazwa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania kwa malaria kali. Katika wagonjwa 4,474, waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa ugonjwa ambao hadubini haikuuona. Na hawa wasio na vimelea ndio waliokufa zaidi: asilimia 12.1, dhidi ya 6.9 ya wale wenye malaria. Theluthi mbili yao hawakupewa antibayotiki yoyote. Huenda wengi wao walikuwa na nimonia, au sumu ya bakteria kwenye damu, na juu ya kitanda kumeandikwa malaria.

Kipimo cha haraka, MRDT, kikaonekana ndicho ufumbuzi. Kila aliyepita zahanati anakifahamu. Kidole kinafutwa kwa spiriti, kinatobolewa, tone dogo la damu linawekwa kwenye kishimo kimoja cha kile kibao cheupe na matone ya dawa kwenye kishimo cha pili. Rangi ya waridi inapanda polepole kwenye kidirisha. Dakika 15 hadi 20. Mstari mmoja, kipimo ni kizima na malaria haipo, miwili, ipo. Hakihitaji umeme wala mtaalamu wa maabara. Kina udhaifu wake: kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona.

Lakini udhaifu mkubwa haukuwa kwenye kibao. Reyburn alirudi na utafiti wa pili, mwaka 2007, safari hii kwa wagonjwa wa nje. Kati ya waliopimwa wakakutwa hawana malaria, zaidi ya nusu walipewa dawa ya malaria vilevile: asilimia 51 kwa hadubini, 54 kwa kipimo kipya. Kipimo kilisema hapana, kalamu ikaandika ndiyo. Siwezi kuwatukana matabibu hao. Walifundishwa vyuoni kwamba homa ni malaria hadi ithibitike vinginevyo. Walishawahi kuona majibu ya maabara ya mtindo wa "wadudu wawili" yaliyotolewa kwa kila mtu, wakaacha kuyaamini. Mbele yao alisimama mama aliyetembea tangu alfajiri. Na kila mmoja alimkumbuka mtoto fulani.

Kumbukumbu ya mtoto mmoja ina nguvu kuliko jedwali, na haiondoki kwa amri. Kilichohitajika ni jaribio la kuwanyima dawa kwa makusudi watoto wasiokutwa na malaria, na kuwatazama. Valérie D'Acremont na wenzake walilifanya Dar es Salaam na Kilombero: watoto 1,000 wa chini ya miaka 5 wenye homa, wakapimwa, na 603 waliokutwa hawana malaria hawakupewa dawa yake. Walifuatiliwa siku 7. Asilimia 97 walikuwa wamepona, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa malaria. Majibu yalichapishwa 2010, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Watafiti haohao waliendelea kuuliza: hizo homa nyingine ni za nini? Waliwachunguza watoto 1,005 wa Dar es Salaam na Ifakara kwa kila kipimo kilichowezekana. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye malaria walikuwa 10.5.

Na ile sindano ya mwiko? Hatimaye iliulizwa swali lake kwa haki. Katika hospitali za nchi 9 za Afrika, zikiwemo Teule ya Muheza na ile ya Korogwe, watoto 5,425 wenye malaria kali waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa sindano ya kwinini, hawa ya artesuneti. Majibu ya mwaka 2010: wa kwinini walikufa asilimia 10.9, wa artesuneti 8.5. Sindano ilikuwa inaokoa, na iliyokuwepo miaka yote ile ilikuwa na mwenzake bora kuliko yeye.

Teule ya Muheza ilishiriki pia jaribio ambalo kila ninapolisoma linaniogopesha. Mtoto mwenye homa kali na miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri: daktari yeyote duniani alifundishwa amfungulie dripu, maji mengi, kwa haraka. Ilionekana dhahiri. Kathryn Maitland, aliyefanya kazi Kilifi, na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania walithubutu kulipima hilo kwa watoto 3,141, wakiwaacha nje wale wa kuharisha na utapiamlo mkali, ambao tatizo lao ni jingine. Waliopewa maji ya haraka walikufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi yao mawili ndani ya saa 48. Wasiopewa, 7.3. Jaribio lilisimamishwa Januari 2011. Fikiria sasa mikono iliyofungua dripu hizo miaka yote, kwa upendo na kwa bidii, na kila mtoto aliyeamka akahesabiwa ushindi wa maji.

Kwa hiyo tunaporudi Gwata, siwezi kusema hadithi imekwisha. Malaria imepungua kuliko zamani, MRDT iko mezani, na ugonjwa mpya umezaliwa: siku hizi asiyekutwa na malaria anaambiwa ana yutiai au taifodi, mara nyingi bila kipimo cha kuaminika, na anaondoka na mfuko wa antibayotiki. Kalamu imehama mstari tu. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha hivyo; kipimo cha malaria kikija na majibu hasi, antibayotiki huongezeka, hata kwa homa za virusi ambazo hazihitaji.

Mama ameketi kwenye benchi, mtoto kifuani. Kidirisha kimeonyesha mstari mmoja. "Kama si malaria, daktari, basi ni nini?" Ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika historia hii yote. Tabibu aliyefundishwa vyema halijibu upesi. Anamwomba mama amfunue mtoto kanga, amlaze pajani, amtulize asilie. Anatazama saa yake, kisha anakitazama kifua kile kidogo kinavyopanda na kushuka, na kwa dakika moja nzima, wakati foleni nje inanung'unika, anahesabu pumzi.